Seji jikoni Nairobi: kiungo kwanza, dawa baadaye

Seji, jani la kiungo ambalo Waingereza huliita sage, inataka mafuta na moto. Watu wengi ninaowasikia hapa Nairobi wakisema hawaiwezi waliila mbichi kwenye kachumbari, au waliitupa mkono mzima ndani ya mchuzi kama dania, kisha wakalalamika kuwa chakula kinanuka dawa ya kusugua kifua. Pua zao hazikukosea. Harufu ya jani hili inatokana na kemikali zilizomo ndani yake, hasa kafuri, sineoli na thujoni, na zote hizo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukilikaanga polepole kwa siagi, ukali hupungua, harufu huingia kwenye siagi, na siagi ndiyo inayoifikisha kwenye chakula. Ukilichemsha kwa maji peke yake unapata dawa. Dawa nayo ina mahali pake, nitafika huko.

Mimi hupikia watu kwa oda kutoka Buruburu: ruracio (sherehe ya mahari), mahafali, matanga, chakula cha mchana cha ofisi. Seji niliizoea nikiwa kijana katika jikoni la hoteli moja katikati ya jiji, na nilipoanza kujitegemea sikuona sababu ya kuiachia wenye hoteli. Siitumii kila siku. Hili ni jani la kuhesabu kwa vidole.

Kuitambua na kuinunua

Seji ya jikoni ni Salvia officinalis, mmea wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Ni wa ukoo mmoja na nanaa, mrehani, na ile rozmari ambayo watu wengi wa Nairobi wameipanda kama ua bila kuila. Jani lake ni refu kiasi, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, na ukilipapasa unahisi manyoya mafupi na vikunjo vidogo vidogo. Lipasue kidogo ulinuse. Likikosa harufu ni zee au limekaa friji muda mrefu, lirudishe.

Soko la City Park kule Parklands ndiko ninakonunua nikiishiwa, kwa sababu wauzaji wa mboga wa pale wamezoea wateja wenye mahitaji ya kila namna. Supamaketi kubwa nazo huiweka kwenye friji katika vipakiti vidogo, bei ikiwa juu kuliko inavyostahili. Kenya hulima viungo vibichi vya majani na kuvipeleka Ulaya kwa ndege, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba seji mbichi ni kitu cha kuagiza ng'ambo. Nyumbani, ifunge kwa karatasi ya jikoni, iweke kwenye kontena lenye kifuniko ndani ya friji. Itakaa wiki nzima bila shida.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliseme kwa sauti. Ukienda upande wa Ngong, Suswa au Naivasha utakutana na leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri. Wapo wanaokiita seji ya porini. Si seji. Leleshwa ni wa ukoo wa alizeti, na Wamaasai wana matumizi yao ya jani hilo, hasa kwa ajili ya harufu yake, lakini usinipelekee hilo kwenye kuku. Mmea mwingine unaobandikwa jina hilohilo ni lantana, ile yenye maua ya rangi mbili tatu kwa pamoja inayozagaa kwenye viwanja vitupu na kando ya reli. Hiyo ina sumu. Ng'ombe na kondoo huugua wakiila. Kama hujui mmea umetoka wapi, nunua sokoni.

Siagi ya seji

Anza na hii, kwa sababu ndiyo msingi wa mengine yote. Chukua siagi halisi gramu 50, si majarini. Majarini haigeuki rangi wala haileti ile harufu ya njugu. Chukua majani manane au kumi ya seji, yaoshe na uyakaushe kabisa, la sivyo mafuta yatakurukia. Weka siagi kwenye kikaango, moto mdogo. Ikishayeyuka na povu likaanza kutulia, panga majani yasilaliane. Yaache dakika tatu au nne. Utaona siagi inageuka rangi ya kahawia hafifu, na majani yanakakamaa. Toa kikaango motoni hapohapo, kwani kutoka kahawia hadi kuungua ni muda wa kupokea simu tu. Tia chumvi kidogo.

Mimina juu ya nini? Waitalia humimina juu ya tambi. Mimi humimina juu ya nduma. Chemsha nduma hadi iive, imenye, ikate vipande vya unene wa kidole, kisha ikaange ndani ya hiyo siagi pande zote mbili hadi ishike rangi. Nduma ni nzito na haina makuu, na inahitaji kitu cha kuiamsha. Malenge yaliyopondwa pia yanapendana sana na seji, ule utamu wake ukikutana na uchungu kidogo wa jani. Viazi vya kuponda, sawa. Mukimo, ule mpondo wa Wakikuyu wa viazi na mahindi, hapana, au angalau usijaribu mbele ya shosho, yaani bibi.

Majani yaliyokakamaa usiyaache, kula yote. Wageni huyapigania kabla ya chakula chenyewe kufika mezani.

Maini hupikwa vivyo hivyo, na ndicho chakula cha haraka kuliko vyote ninavyovijua vya jani hili. Kata maini ya ng'ombe vipande vyembamba, yafute maji, yapake unga wa ngano kidogo. Kaanga majani ya seji kwa siagi na mafuta kidogo, yatoe, ongeza moto, tia maini dakika moja na nusu kila upande, chumvi mwishoni, ndimu, rudisha majani juu. Ukiyapika hadi yawe kama raba, seji haitakusaidia.

Maharagwe

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu maharagwe tunayo na tunayapika vibaya kwa haraka. Watu wa Toscana kule Italia wana maharagwe yao meupe wanayoyapika kwa seji, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na nyanya. Mimi natumia rosekoko, au maharagwe meupe nikiyapata.

Loweka nusu kilo usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya yafunike maharagwe kwa vidole vitatu. Tia vitawi viwili vya seji, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa bila kumenywa, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Chemsha kwa nguvu dakika kumi za kwanza. Usizipuuze, hasa kwa maharagwe mekundu, maana mabichi yana sumu ya tumbo ambayo moto mdogo hauiui. Kisha punguza moto, yachemke polepole hadi yalainike. Chumvi unaweza kuitia mapema, haidhuru. Nyanya ndiyo usiitie mapema, kwani asidi yake inafanya ganda la maharagwe likatae kulainika na utachoma gesi bure.

Maharagwe yakishaiva, chukua sufuria nyingine. Mafuta vijiko vitatu, punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, na majani sita mabichi ya seji. Moto mdogo. Kitunguu saumu kikianza kunukia tu, kabla hakijageuka rangi, mimina nyanya nne zilizokunwa. Pika hadi mafuta yajitenge na nyanya. Sasa mimina maharagwe pamoja na maji yake kidogo, yaache yatokote dakika kumi na tano, ponda machache kwa mwiko ili mchuzi ushikane. Toa vile vitawi vya mwanzo, vimeshatoa kilichokuwamo. Usiweke mchuzi wa unga wa pakiti. Tafadhali. Chapati pembeni inatosha.

Watu wa matanga, ambao huwa wanakula maharagwe kwa sababu hakuna lingine, hurudi na sahani kuomba haya.

Kuku na nyama

Waingereza wana desturi ya kujaza kuku au bata bukini kwa mchanganyiko wa vitunguu, mkate na seji, hasa Krismasi. Ni jambo zuri, ila mchanganyiko huo siuweki ndani ya kuku. Ukijaza tumbo la kuku, nyama ya nje inakauka kabla ya mchanganyiko wa ndani kufika nyuzi 74 za Selsiasi zinazoua vijidudu. Napika kwenye trei yake. Vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo, vikaangwe taratibu kwa siagi gramu 60 hadi vilegee. Kijiko kimoja cha chakula cha seji mbichi iliyokatwakatwa kiingie dakika mbili za mwisho. Changanya na slesi sita za mkate wa jana uliopukutishwa, yai moja, chumvi, pilipili manga, na supu kidogo ya kuku ishikane. Oka nyuzi 180 kwa nusu saa, hadi juu ikauke na kuwa kahawia.

Kuku mwenyewe mpake siagi iliyochanganywa na seji chini ya ngozi. Ingiza vidole polepole kutoka upande wa shingo, ngozi itaachana na nyama ya kifua. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza hadi alainike ndipo umpeleke kwenye oveni, vinginevyo utakuwa unatafuna mpaka kesho. Huna oveni? Sufuria nzito, makaa chini na makaa machache juu ya kifuniko, inafanya kazi hiyo bila matatizo.

Kwa wanaokula nguruwe, hakuna nyama inayopatana na seji zaidi. Soseji za Lincolnshire, Uingereza, zinajulikana kwa jani hili. Kwa kilo moja ya nyama ya kusaga yenye mafuta yake, tia chumvi gramu 16, pilipili manga kijiko cha chai, na seji mbichi iliyokatwa kijiko kimoja cha chakula. Finyanga vidonge bapa, kaanga. Wateja wangu Waislamu huwatengenezea hivihivi kwa nyama ya mbuzi, nikiongeza mafuta kidogo kwa kuwa mbuzi ni mkavu. Kwa samaki wa baharini wenye nyama laini sikushauri; jani litammeza.

Kukausha

Tofauti na dania na mrehani, seji iliyokauka bado ni seji. Funga vitawi vichache pamoja, vitundike kichwa chini kivulini penye hewa. Januari na Februari hukauka upesi. Julai, pamoja na lile wingu letu la asubuhi hadi alasiri, huota ukungu ukiwa mzembe. Afadhali oveni ya moto mdogo kabisa, mlango wazi kidogo. Hifadhi majani mazima kwenye chupa ya glasi gizani, yavunje siku ya kupika. Kijiko cha chai cha makavu ni sawa na kijiko cha chakula cha mabichi.

Sasa dawa

Sifa za seji kama dawa ni za zamani kweli. Kuna msemo wa Kilatini uliohusishwa na shule ya tiba ya Salerno, Italia, unaouliza kwa nini mtu afe ilhali seji inaota bustanini kwake. Watu waliokuwa na seji bustanini walikufa vilevile, kwa hiyo tuongee kwa kiasi.

Shirika la Dawa la Ulaya limekubali jani la seji litumike kwa mambo manne: tumbo lililojaa gesi na kiungulia kidogo, jasho jingi kupita kiasi, uvimbe mdogo wa kinywa na koo, na uvimbe mdogo wa ngozi. Limekubali kwa sababu ya matumizi ya miaka mingi, si kwa sababu majaribio ya hospitali yamethibitisha. Nakuomba ushike tofauti hiyo.

Ninalolipenda kuliko yote ni la koo. Kijiko cha chakula kilichojaa majani makavu, kikombe kidogo cha maji yanayochemka, funika dakika kumi, chuja, acha ipoe hadi iwe vuguvugu. Sukutua kooni, tema. Mara tatu kwa siku. Chumvi kidogo ukitaka. Wakati wa baridi ya Juni hapa kwetu, baada ya siku nzima ya kupiga kelele kwenye sherehe, hii hunirudishia sauti kuliko peremende zozote. Lakini mtoto akiumwa koo pamoja na homa, na hakohoi wala hana mafua, mpeleke kliniki. Kuna bakteria wa koo ambao wasipotibiwa huleta homa inayoharibu vali za moyo, na jani halitibu hilo.

Chai ya tumbo ni nyepesi zaidi: kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe, funika dakika tano. Kufunika ni lazima, harufu ndiyo dawa nayo hutoroka na mvuke. Ndimu na asali vinaisaidia. Ukipenda, itie ndani ya dawa yako ya kawaida ya tangawizi. Wapalestina hutia seji ya aina yao, wanayoiita maramia, kwenye chai ya rangi, nami nimeiga: turungi nyepesi, jani moja au mawili, sukari. Nzuri baada ya nyama choma.

Jasho la usiku ni habari ninayoijua, maana nimevuka hamsini. Utafiti wa kule Uswisi uliochapishwa mwaka 2011 ulifuata wanawake 71 waliokuwa wakimeza vidonge vya seji mbichi kwa wiki nane, na mawimbi yao ya joto, lile joto la ghafla la wakati wa kukoma hedhi, yalipungua zaidi ya nusu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha waliomeza vidonge bandia, na mawimbi ya joto hupungua pia kwa mtu kuamini tu kwamba ametibiwa. Mimi hunywa kikombe kimoja jioni inaponizidia, kwa wiki moja au mbili, kisha naacha. Inanisaidia, au nadhani inanisaidia; nalala. Ila dada yangu, kama jasho la usiku linakuja na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, usichemshe chochote. Nenda kituo cha afya cha serikali ukapimwe kifua kikuu. Kupima na kutibiwa ni bure.

Kwa nini kwa wiki chache tu? Ni ile thujoni. Ndani ya chakula ni kidogo mno kukusumbua. Ukinywa chai kali kila siku kwa miezi, unaweza kumeza kiasi kisichofaa, na ikizidi hugusa neva na kuleta mitukutiko kama ya kifafa. Ndiyo sababu mafuta makali yaliyotolewa kwenye seji, yale ya vichupa vidogo, hayanywewi kabisa, hata tone moja; watoto wamewahi kupata degedege kwa kupewa. Mwenye kifafa asinywe chai hii. Mjamzito vilevile, asinywe. Majani machache kwenye maharagwe hayana neno. Anayenyonyesha ajue kwamba seji imetumiwa tangu zamani kukausha maziwa, kwa hiyo aiache hadi siku ya kumwachisha mtoto. Anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari kwanza, kwani inaweza kushusha sukari zaidi.

Kuipanda kwenye mkebe

Huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, udongo wetu ni ule mweusi unaoshika maji mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Seji hufa humo, mizizi ikioza. Tumia mkebe wa rangi wa lita 20, toboa matundu mengi chini, weka kokoto kidogo, kisha udongo mwekundu uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga. Mbolea ya ng'ombe iliyooza, konzi mbili tu. Ukiishibisha inatoa majani makubwa yasiyo na harufu.

Usihangaike na mbegu. Omba kitawi kichanga cha urefu wa kidole cha kati mara moja na nusu, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kitaota mizizi baada ya wiki nne hadi sita. Kihamishie mkebeni, weka juani kabisa, na usimwagilie hadi udongo wa juu ukauke. Mvua za Machi hadi Mei zikija, sogeza mkebe chini ya paa. Chuma ncha mara kwa mara ili mmea usambae, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na jani, hautachipua tena vizuri. Baada ya miaka mitatu au minne shina lote hugeuka kuni. Andaa kitawi kingine mapema.

Hizo kuni usizitupe. Ukichoma mbavu za mbuzi, zikibaki dakika tano kuiva, tupia vijiti hivyo juu ya makaa na ufunike jiko.